Kwarzi: jiwe linalokata kioo lakini si almasi

Ku machimbo ya Kivu, hadithi inafanana kila mara. Mchimbaji anatoa jiwe mu tope, analiosha, analiinua mbele ya jua. Liko na pembe, liko na ncha, mwanga unapita ndani. Mmoja anasema: "Iyi njo diamant." Mwingine anachukua kipande cha chupa, anapitisha jiwe juu yake, na kioo kinakwaruzika. Basi, kwa watu waliosimama pale, kesi imekwisha. Jioni bei imeshapanda, na kuna mtu anafikiria kuuza mbuzi au kipande cha shamba ili alinunue.

Mara nyingi jiwe la namna hiyo ni kwarzi, ile ambayo kwa Kifaransa inaandikwa quartz. Ni jiwe la kweli, zuri, lililotengenezwa na ardhi yenyewe. Lakini si almasi, na kule kukata kioo hakuhakikishi kitu, sababu kwarzi nayo inakata kioo. Mtu anayejua sura ya kwarzi na tabia zake anaweza kuokoa mali yake. Na kwa wale wanaotwanga mawe ya dhahabu, kuijua kwarzi kunaweza kuokoa hata mapafu.

Imetengenezwa na nini

Kwarzi imeundwa na vitu viwili tu: silisiamu na oksijeni. Kila sehemu moja ya silisiamu imeshikamana na mbili za oksijeni, na mpango huo unarudiliwa bila kuchoka, kama matofali ya ukuta. Ni moja ya madini yanayopatikana kwa wingi kabisa katika ganda la dunia. Punje nyingi za mchanga wa mtoni ni kwarzi iliyovunjikavunjika, na mchanga wa aina hiyo ukiyeyushwa pamoja na soda na chokaa unatoa kioo cha dirisha.

Kristali za kwarzi nyingi zinazaliwa mu maji ya moto. Chini sana ya ardhi, maji yenye joto kali na msukumo mkubwa yanabeba silisi iliyoyeyuka na kupita nayo kwenye nyufa za mwamba. Maji yanapopoa au msukumo unapopungua, silisi inaganda kidogokidogo. Ufa ukijaa wote, unabaki mshipa mweupe kama maziwa, ule ambao wachimbaji wa dhahabu wanaujua vizuri. Lakini kukibaki nafasi wazi, shimo au tundu ndani ya mwamba, kwarzi inaota kwa uhuru, na hapo njo zinapatikana zile kristali zenye pembe na ncha.

Sura yake: hesabu pembe, tazama mistari

Chukua mfano wa kristali moja ya kawaida, urefu wa kidole, nyeupe yenye kupitisha mwanga. Mwili wake ni kama kalamu ya risasi: una pande sita. Ukipima kona kati ya upande mmoja na ule unaofuata, unapata digrii 120, hata kama pande hazilingane upana. Moja inaweza kuwa pana, nyingine nyembamba kama uzi, lakini kona haibadiliki. Mwaka wa 1669, Mdenmaki Niels Stensen ndiye aliyeandika jambo hilo akiangalia kristali za kwarzi, na mpaka leo ni moja ya misingi ya elimu ya madini.

Juu, pande zile zinakutana kwenye ncha. Mara nyingi ncha hiyo nayo ina nyuso sita, lakini tatu zinaweza kuwa kubwa na tatu ndogo, hata mtu akafikiri ziko tatu tu. Chini, mahali kristali ilipokuwa imeshikamana na mwamba, kwa kawaida hakuna ncha. Kumevunjika au kumechafuka, kunaonekana kweupe na kukavu. Kristali yenye ncha mbili, juu na chini, inapatikana pia, lakini si kila siku.

Alama inayosaidia kuliko zote iko kwenye pande za mwili. Elekeza mwanga wa toroshi kwa ubavu. Kwarzi mara nyingi ina mistari midogo inayokata mwili kwa upana, sawa na ngazi. Turmalini, jiwe la rangi ambalo linachimbwa kwa mfano upande wa Numbi mu teritware ya Kalehe, ina mistari inayoteremka kwa urefu, kutoka juu mpaka chini, na ukiikata kati inaonekana kama pembetatu yenye pande zilizovimba. Mistari ya upana: fikiria kwarzi. Mistari ya urefu: fikiria turmalini.

Almasi haina mwili wa kalamu hata kidogo. Ile ya umbo zuri inafanana na piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, zenye nyuso nane. Zile za mchanga wa mito ya Kasai, upande wa Mbuji-Mayi na Tshikapa, mara nyingi ni ndogo, kona zimelainika, na mng'ao wake kabla ya kukatwa unafanana zaidi na mafuta kuliko kioo. Mtu aliyekwisha kuona almasi mbichi anashangaa namna isivyovutia. Kwa hiyo jiwe refu lenye pande sita na ncha kali, likiwa safi kama maji, sura yake yenyewe imeshasema kwamba si almasi.

Lakini jiwe likizungushwa mu mto kwa miaka mingi, pembe zote zinapotea. Linabaki duara, lenye ngozi kama kioo kilichopigwa mchanga. Hapo sura haitoshi, lazima kutumia njia zingine.

Ndani yake na rangi zake

Kwarzi safi kabisa ni chache. Nyingi zina ukungu upande wa chini na uwazi karibu na ncha. Ukungu huo ni matone madogomadogo ya maji na gesi yaliyofungiwa jiwe lilipokuwa linaota. Zingine zina utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua ndani yake. Hiyo ni nyufa ndogo ambamo mwanga unavunjika, hapana alama ya thamani kubwa. Zingine zimebeba sindano nyeusi za turmalini au nyuzi za rangi ya dhahabu, ambazo si dhahabu bali ni madini ya titani yanayoitwa rutili.

Tofauti na chupa iliyoyeyushwa inaonekana hapo pia. Kioo cha kiwandani mara nyingi kina mapovu ya duara kamili na mistari iliyopindana kama sukari inayoyeyuka mu maji. Tena kwarzi, ukiigusisha shavuni, inahisika baridi kuliko kioo, sababu inaondoa joto la mwili haraka zaidi. Watu wa zamani wa Ugiriki walifika mpaka kuamini kwamba ni barafu iliyoganda sana hata haiwezi kuyeyuka tena. Neno kristali linatokana na jina lao la barafu.

Rangi zinaletwa na vitu vidogo sana vilivyoingia ndani. Chuma kidogo, pamoja na mionzi ya asili ya mwamba, kinatoa zambarau, na jiwe hilo linaitwa ametisti. Alumini kidogo pamoja na mionzi hiyo inatoa rangi ya moshi, mpaka karibu nyeusi. Kuna ya manjano inayoitwa sitrini, na kuna ya waridi. Ametisti ikichomwa kwenye joto la digrii 400 hadi 500 inaweza kugeuka manjano, na sehemu kubwa ya sitrini inayouzwa duniani imepatikana hivyo. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kutambua jiwe wala kulipa bei.

Ugumu: kwa nini mtihani wa chupa unadanganya

Mwaka wa 1812, Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa kufuata lipi linakwaruza lipi. Talki, laini kuliko yote, ni 1. Kalsiti ni 3. Kwarzi ni 7, topazi ni 8, korindo, ambayo ni jamaa moja na yakuti, ni 9, na almasi ni 10. Kioo cha chupa kinafika karibu 5 na nusu, na kisu cha kawaida kiko karibu na hapo.

Maana yake ni wazi. Kila jiwe lenye ugumu unaopita ule wa chupa litaikwaruza chupa. Kwarzi inafanya hivyo, turmalini inafanya hivyo, topazi inafanya hivyo. Mtu anayekata kioo mbele ya mnunuzi amehakikisha jambo moja tu: kwamba jiwe lake si kioo cha kawaida wala kalsiti. Hajahakikisha almasi.

Mtihani huo unafaa zaidi ukigeuzwa. Jiwe jeupe ambalo kisu kinalikwaruza si kwarzi, linaweza kuwa kalsiti. Unga wa kalsiti ukitiwa ndimu au siki unatoa povu, lakini kwarzi inabaki kimya.

Kuna mtihani mwingine mbaya kuliko wote, ule wa nyundo: "Piga, almasi haivunjike." Ni uongo. Kuwa ngumu ni kukataa kukwaruzwa, hapana kukataa kupasuka. Almasi ikipigwa inaweza kupasuka kwa kufuata njia zake za ndani, na mali inaharibika pale pale. Kwarzi haina njia za namna hiyo. Inapasuka ovyo, ikiacha uso uliopinda wenye miviringo kama ganda la kombe, sawa na kitako cha chupa kilichovunjika. Moto nao si mtihani: kristali nzuri ikitupwa mu makaa kisha mu maji inapasuka, na mwenyewe anabaki na vipande.

Uzito: balansi na kikombe cha maji

Njia iliyo na faida zaidi haiharibu jiwe, na vifaa vyake viko kwa kila mnunuzi wa dhahabu. Pima jiwe juu ya balansi ndogo ya namba na uandike uzito. Weka kikombe cha maji juu ya balansi hiyo na uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulizamishe lote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, huku ukishika uzi kwa mkono. Balansi inaonyesha namba mpya. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Mfano: jiwe lina gramu 53, na likizamishwa balansi inaonyesha 20. Gawa 53 kwa 20, unapata 2.65. Hiyo ni namba ya kwarzi, iwe nyeupe, ya moshi au ya zambarau. Almasi ya gramu 53 ingeonyesha kama 15 tu, sababu namba yake ni 3.52. Turmalini iko kati ya 3 na 3.3. Kasiteriti inafika karibu 7, njo maana inalemea mkono hata ikiwa ndogo.

Lakini lazima kuwa mwangalifu. Kioo cha kawaida kina karibu 2.5, karibu na kwarzi. Topazi ina karibu 3.5, karibu na almasi. Tena jiwe likiwa dogo sana, balansi ya kawaida inakosea. Mtihani huu una nguvu ya kukataa: ukipata 2.65 kwa jiwe la ukubwa wa kutosha, hiyo si almasi. Ukipata 3.5, bado hujui, na ni kazi ya mtaalamu.

Jiwe lenye umeme

Mwaka wa 1880 huko Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba kristali fulani, kwarzi ikiwa kati yao, zikikandamizwa zinatoa umeme kidogo. Kinyume chake pia ni kweli: kipande cha kwarzi kikipewa umeme kinatikisika, na kinatikisika kwa kipimo kilekile. Ile ndogo iliyo ndani ya saa ya mkono inatikisika mara 32,768 kila sekunde, na saa inahesabu mitikisiko hiyo. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hiyo iliuzwa Japani mwaka wa 1969. Mitambo ya redio nayo inatumia kwarzi ili kituo kisitoke kwenye mawimbi yake.

Ukisugua vipande viwili kwa nguvu mu giza nene, unaona mwanga hafifu ndani ya mawe. Wapo waliosema ni roho. Si roho, ni tabia ya jiwe linaposuguliwa na kuvunjika kidogokidogo.

Tabia hii inafungua mlango wa udanganyifu mwingine: "Wazungu wanalitafuta kwa kutengeneza saa na simu." Zamani ilikuwa kweli kwa sehemu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, kwarzi ya asili kutoka Brazili ilinunuliwa sana kwa ajili ya redio za jeshi. Siku hizi viwanda vinaotesha kwarzi yao vyenyewe, ndani ya mitungi mizito ya chuma, kwa maji ya moto na msukumo, sababu vinahitaji kristali isiyo na kasoro hata moja. Kiwanda cha saa hakingojee kristali ya tope la mtoni.

Thamani yake

Kwarzi haikosi bei kabisa. Ametisti yenye rangi nzito inakatwa na kuvaliwa. Kristali nyeupe iliyo safi, yenye ncha nzima, au kristali nyingi zilizosimama pamoja juu ya mwamba wao, zina watu wanaozipenda na kuzikusanya. Lakini bei hiyo inaishi kwenye uzima wa jiwe. Ncha ikivunjika kwa nyundo, au ubavu ukikwaruzwa kwa majaribio, sehemu kubwa ya thamani imekwenda. Anayepata kristali nzuri afanye hivi: aioshe kwa maji na burashi laini, aifunge mu kitambaa peke yake, asiichanganye na mengine mu mfuko.

Kwa jiwe linalosemwa kuwa almasi, serikali ina kituo chake cha kukagua na kuthibitisha madini ya thamani, CEEC. Kongo iko pia katika mpango wa Kimberley wa vyeti vya almasi, ulioanza mwaka wa 2003. Almasi halali inapita kwa wanunuzi wenye karata na kwenye kontwari zinazotambuliwa. Muuzaji anayekataa jiwe lipimwe, anayetaka malipo usiku uleule, au anayesema "wenye ofisi watatunyang'anya," amekwisha kujieleza mwenyewe. Jiwe la kweli halipotezi thamani kwa kungoja siku mbili.

Vumbi lake

Kristali nzima haina ubaya. Mtoto anaweza kuichezea, mtu anaweza kuiweka mezani miaka yote. Hatari inaanza jiwe linapogeuka unga.

Kamituga, mu teritware ya Mwenga, dhahabu imelala ndani ya mishipa ya kwarzi. Ili kuipata, jiwe linatwangwa mpaka linakuwa kama unga wa muhogo, kisha linaoshwa. Kazi hiyo ya kutwanga inafanywa na wanawake wengi, ambao mji wote unawajua kwa jina la twangaises, neno lililozaliwa na "kutwanga". Ile mipigo inainua vumbi jeupe, na sehemu mbaya zaidi ya vumbi hilo haionekani kwa macho: punje zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Pua haizizuii. Zinafika chini ya mapafu, zinakaa, na mapafu yanajenga makovu kuzizunguka.

Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Unaweza kungoja miaka kumi au zaidi kabla ya kuonekana, lakini vumbi likiwa jingi unakuja mapema. Unaanza kwa kikohozi na kukosa pumzi wakati wa kupanda kilima. Hauna dawa ya kuuponya. Unamfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na tangu mwaka wa 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeweka vumbi hilo kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Sababu dalili zinafanana na za kifua kikuu, mgonjwa anayefika hospitali ni lazima aseme: "Ninatwanga mawe," au "Niliyatwanga zamani." Bila neno hilo, daktari anaweza kutafuta ugonjwa mmoja na kusahau mwingine.

Maji ndiyo kinga ya bei ndogo. Jiwe likilowanishwa kabla ya kutwangwa, na likiongezewa maji wakati wa kazi, vumbi kubwa halipandi. Kufanya kazi mahali pa wazi, upepo ukitoka mgongoni, kunasaidia. Kitambaa cha kufunga puani kinazuia punje kubwa lakini zile ndogo zinapita. Maski za FFP2 au FFP3, zikikaa vizuri usoni, zinazuia zaidi. Nguo za kazi zisiingie mu chumba cha kulala, na mama avue na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Mtoto asikae karibu na kinu, hata kama amelala tu mgongoni.

Kwa hiyo jiwe linapong'aa mkononi, maswali ya kwanza ni machache: lina pande ngapi, mistari yake inaenda wapi, na balansi inasema nini ndani ya maji. Likijibu sita, kwa upana, na 2.65, ni kwarzi. Mwenye kuliuza kama kwarzi ni mfanyabiashara. Mwenye kuliuza kama almasi anatafuta mbuzi wa mwenzake.